Kadi Iliyomsubiri Mama Breki

Mwanaume aliyewahi kumchumbia mke wangu alirudi maishani mwetu akiwa na kompyuta, mkoba wa nyaya na kazi moja tu: kuthibitisha kwamba mke wangu anahujumu mashine.

Na aliyemwita alijua fika kwamba mke wangu alimkataa.

Soma taratibu. Hii siyo hadithi ya mapenzi, ingawa ilipokuwa bado ya moto mimi niliamini ni ya mapenzi tu.

Sisi ni watu wa kiwanda cha maboksi. Mimi ni fundi umeme wa kujifunzia kwenye vifaa vibovu, cheti sina, na kazini wananiita Spika, kwa sababu nikiona dhuluma sina sauti ya chini.

Mke wangu anaendesha mashine ya kukata. Lile dude linashuka na visu vyake, karatasi gumu linakatika kama biskuti. Nyumbani yeye ni Mama Pacha. Kazini walimbatiza Mama Breki.

Jina lilikuja hivi.

Mashine yake ilianza kukwama. Inakata vizuri, ghafla inazubaa, naye anapiga kitufe chekundu cha kuisimamisha. Asipokipiga, visu vinang'ang'ania kwenye karatasi, na kuvinasua ni kazi ya asubuhi nzima.

Nilikaza kila nati. Nilibadilisha kitufe chenyewe. Mita yangu ikasema umeme ni mzima.

Bosi hakutaka kusikia habari za kuzubaa. Alichoona yeye ni kwamba kila mashine ikisimama, mkono wa mke wangu uko kwenye kitufe.

Na mkumbuke, mke wangu ndiye aliyesimama mbele ya wote kudai glavu za kazi. Mimi mambo hayo sisahau. Na bosi naye hasahau.

"Huyu anatulipizia," bosi alimwambia msimamizi, sisi tunasikia, kana kwamba na sisi ni maboksi. "Nitaleta chombo kimuumbue. Ijumaa, mbele ya kila mtu."

Ukifukuzwa kwa hujuma, viwanda vyote vinajua kabla hujafika nyumbani. Ingekuwa kazi peke yake tungevumilia. Hapa lilikuwa linakwenda jina la mtu.

Basi akaja.

Shati limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama lenyewe. Miwani. Sauti ya mtu ambaye hajawahi kugombania nafasi kwenye foleni. Kila mtu akamwita Injinia.

Nilimtambua palepale mlangoni. Mama mkwe wangu anayo picha yake, na akikasirika na mimi huitoa. "Kijana yule alikuwa mpole," husema, huku anatazama ukuta.

Akanyoosha mkono. "Habari, shemeji."

Shemeji. Neno likaniingia kama mwiba chini ya ukucha.

"Shemeji wa wapi?"

"Wa kazini, basi." Akacheka kidogo. Hata kicheko chake kilikuwa kimepigwa pasi.

Akafungua tumbo la kompyuta, akatoa kadi ya kijani yenye meno, akaichomeka kwenye bodi, akafunga.

Kwa wasiojua: kadi ile inasoma umeme. Inapima maelfu ya mara kila sekunde na kuchora mistari kwenye skrini. Lakini haihifadhi kila kitu, ingejaa mara moja. Unaiambia isubiri jambo fulani. Jambo likitokea, inafyatuka, inahifadhi. Wenyewe wanaita triga.

Waya mmoja akaufunga kwenye umeme unaolisha mashine. Wa pili kwenye kitufe chekundu.

"Itafyatuka lini?" nikauliza.

"Kitufe kikibonyezwa. Ndivyo bosi alivyoagiza."

Damu ikanipanda. Yaani kadi nzima, kompyuta nzima, vilikaa pale kumsubiri mke wangu. Hakuna mwingine aliyekuwa anasubiriwa.

Akaijaribu. Ikafyatuka bila mtu kugusa kitu. Ikafyatuka tena. Kigari cha kubebea mizigo kikipita, inafyatuka. Msimamizi akiongea kwenye redio yake ya mkononi, inafyatuka.

Nikacheka kuliko kichekesho chenyewe.

"Injinia, kadi yako ina mapepe."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alichukua nyaya zake, akazisokota mbilimbili kama anayesuka nywele, akaunganisha maganda yake ya chuma na waya wa ardhi, akapandisha kidogo kiwango cha kufyatukia. Kadi ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Nilitaka kumdharau kwa raha zangu. Akaninyima hata hilo, kwa sababu kazi aliijua.

Mchana nikawaona nyuma ya rundo la karatasi. Yeye na mke wangu.

Mama Pacha ameinua kiganja hewani. Anakishusha polepole, anakitetemesha, anakisimamisha. Injinia anakifuata kwa macho kile kiganja, hata hapepesi.

Kisha mke wangu akacheka.

Kicheko kile kilikuwa changu. Nyumbani nilikuwa sijakisikia tangu wamwite mhujumu, nikaja kukikuta kazini kinagawiwa bure.

Baada ya hapo Injinia akachukua waya wa tatu, mrefu, akapanda nao ngazi hadi ofisini kwa bosi. Akakaa huko. Nikasikia na huko wanacheka.

Nikajumlisha mwenyewe. Chini anacheka na mke wangu, juu anacheka na anayetaka kumfukuza. Mtu wa namna hiyo anakuwa anatafuta nini?

Jioni nikashindwa kuvumilia.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Na nani?"

"Na mchumba wako."

Aliacha kukunja nguo. "Baba Pacha, mwanaume wa kunichosha ninaye tayari. Siongezi mwingine."

"Nimekuuliza."

"Aliniuliza mashine inazubaaje. Nikamwonyesha kwa mkono. Tangu ianze ugonjwa wake, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

Mimi niliiuliza mita.

Kesho yake nikasimama nyuma ya kiti cha Injinia, nimemganda kama kupe. Kwenye skrini nikaona alama ya kufyatuka imekaa katikati, siyo mwanzoni.

"Mbona umeacha nafasi huku nyuma? Ndipo utakapochora uongo wako?"

"Hiyo ni ya kabla," akasema.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kitufe. Kadi hii muda wote ni kama mtu aliyeshika maji mdomoni. Kusipotokea kitu, inatema, inachukua mengine. Ikifyatuka, inahifadhi na yale yaliyokuwa mdomoni. Usipoyaona hayo, shemeji, utadhani kila aliyekanyaga breki ndiye aliyesababisha ajali."

"Usiniite shemeji."

"Sawa, shemeji."

Ningekuwa na nyundo karibu, leo ningekuwa naandikia kwingine.

Ijumaa ikafika. Tukakusanywa mbele ya mashine. Msimamizi akawasha taa ya kurushia picha ukutani, bosi akashika kijiti cha kuonyeshea kama mwalimu aliyesubiri sana kuchapa mtu.

"Tazameni. Hapa kitufe kimebonyezwa. Hapa mashine imesimama. Nimemaliza."

Picha ilianzia palepale kwenye kitufe. Upande wa kushoto haukuwepo.

"Mama Breki kwelikweli," mtu akasema nyuma. Wengine wakacheka, hata waliovaa glavu alizowapigania. Sura zao ninazo mpaka leo.

Mke wangu alisimama wima, mikono nyuma. Injinia alikaa pembeni, macho kwenye kompyuta yake, kimya.

Nikasema moyoni, ndiyo hii. Alikataliwa, amengoja, sasa amelipa. Na mimi shati lake lilikuwa limenichosha.

Niwe mkweli: niliposimama sikuwa nataka kumwokoa mke wangu. Nilitaka kumvua nguo yule mwanaume mbele za watu.

"Injinia, ya kabla iko wapi?"



"Yale maji ya mdomoni yako wapi? Au umeyatema ofisini juu?"

"Spika, kaa chini," bosi akasema.

"Sikai. Hiyo picha imekatwa kichwa."

Injinia akainuka taratibu. Nikaona anatabasamu, nikazidi kumchukia.

"Ni kweli imekatwa," akasema. "Mimi niliikabidhi nzima. Nikaambiwa nisiseme kitu mpaka niulizwe. Sasa nimeulizwa."

Akageuza waya wa ile taa kwenye kompyuta yake kabla bosi hajafunga mdomo.

Ukutani ukatokea mstari wa umeme, umetulia, umetulia, kisha ukazama ghafla kama mtu aliyekosea ngazi. Halafu, baada ya hapo, kitufe.

Breki ilikuja baada ya ajali. Hata asiyejua kusoma aliliona hilo.

"Na huo mstari wa tatu?" msimamizi akauliza. Ulikuwa umeruka juu muda uleule mstari wa mashine ulipozama.

"Kiyoyozi cha ofisini. Kinakula umeme kwenye njia moja na mashine. Kikianza kuzunguka, kinajaza mdomo, mashine inabaki na makombo. Ni kufumba jicho tu, mita ya kawaida haiwahi kuona."

Bosi akakohoa. "Imetokea kwa bahati tu."

"Basi tusibishane. Mpaka sasa kadi ilisubiri kitufe, kama ulivyoagiza. Nitaibadilisha isubiri umeme kushuka." Akagusa kompyuta hapa na pale. "Dada, washa mashine. Halafu simama mbali, inua mikono juu. Kitufe usikiguse kabisa."

Dada. Nikalisikia hilo vizuri sana.

Mke wangu akawasha, akarudi nyuma, akainua mikono.

Sekretari wa bosi akapanda ngazi kwenda kuwasha kiyoyozi. Mashine inakata, karatasi linatoka, linatoka. Kwenye skrini kadi inasubiri.

Tukasikia juu ya vichwa vyetu kitu kinanguruma.

Taa iliyo juu ya mashine ikafifia, ikarudi. Mashine ikaguna, ikazubaa, visu vikang'ata karatasi na kugoma kuachia.

Kadi ikafyatuka.

Na mikono ya mke wangu ilikuwa bado juu, vidole vimetanuliwa, kwenye hewa tupu.

Hakuna aliyecheka.

Bosi hakuomba msamaha. Alisema "mafundi watashughulikia", akapanda zake kwenye joto. Kukihamishia kiyoyozi njia yake kulifanywa na mikono yangu, na mashine haijazubaa tena. Jina la Mama Breki limebaki, ila siku hizi wanalitamka kwa adabu.

Injinia alipokuwa anakunja nyaya, akanisogelea. "Asante kwa kuuliza."

"Sikuuliza kwa ajili yako."

"Najua," akasema. "Ilionekana."

Nilidhani yameisha.

Jioni nyumbani, watoto wetu pacha wamekwisha lala, nikamuuliza mke wangu, tena kwa upole, "Hivi bosi alimpata wapi huyu mtu?"

"Kwa sekretari."

"Na sekretari?"

"Mimi nilimpa namba."

Nikaweka kikombe chini.

"Una namba yake?"

"Katika yote hayo, umesikia hilo tu?"

"Nijibu."

"Ninayo. Nilimwomba sekretari amdokeze bosi kwamba mtu huyu nilimkataa na bado ana kinyongo. Bosi alifurahi mpaka akaagiza aitwe siku hiyohiyo. Mtaalamu mwingine angekaliwa shingoni, angeulizwa kila waya unakwenda wapi. Huyu aliachiwa ajichomekee nyaya mpaka ofisini, maana bosi aliamini wivu utamfanyia kazi."

"Na kama kweli angekuwa na kinyongo?"

"Hana. Namjua."

Namjua. Alilisema jepesi, kama anayetaja rangi ya pazia.

"Na mimi, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa huruma ile ya kumtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Ningekuambia, ungemchekea. Bosi angeona mnachekeana, angeshtuka. Nilitaka umchukie kwelikweli. Na nilijua ukimkuta amekaa kimya, lazima utafumuka. Yeye alihitaji mtu mmoja tu amuulize."

Ndipo nikaelewa. Wiki ile vyombo viwili vilifungwa kiwandani. Kimoja, mwishoni, kilisubiri umeme ushuke. Kingine kilisubiri wivu upande. Na kile cha pili hakikufungwa na injinia yeyote.

Wewe unayesoma, chukua hili. Ukirushiwa ukutani picha ya mkono wa mnyonge juu ya kitufe, usipige makofi, usicheke. Simama uulize ya kabla iko wapi. Halafu uulize nani alichagua chombo kisubiri nini, kwa sababu aliyechagua hilo alikuwa na jibu lake mfukoni kabla mashine haijawashwa. Uliza hata kama unauliza kwa hasira zako binafsi. Swali halijali limetoka kwenye moyo gani.

Namba ile bado imo kwenye simu ya mke wangu. Sijamwambia aifute, mimi ni mtu mzima.

Ila ile picha ya Injinia anayoitoa mama mkwe, akija nayo kututembelea, nitaitafutia mahali isipoonekana.