Mama Aliyejua Saa za Dallas

Haya ninayokuambia niliyaona mwenyewe, saa sita mchana, jua likiwaka, hapa hapa Eldoret. Silewi, na siku hiyo sikuwa mgonjwa. Ukitaka kucheka, cheka umalize, halafu unisikilize.

Mimi nauza tiketi za ndege mjini, ofisi ya orofa ya pili. Na kazi yangu naijua, sitakudanganya. Nitajie miji miwili yoyote, nitakupa kilomita na masaa bila kugusa kompyuta. Ndiyo maana kamati za mazishi hunijia. Mtoto akiwa ng'ambo, hawapangi siku ya kuzika kabla ya kujua atafika lini.

Jumatatu moja akaja mzee mmoja, mwenyekiti wa kamati kutoka Kesses. Kijana wao anatoka Dallas Jumatano saa tatu asubuhi. Je, atawahi kumzika mamake? Nikamjibu huku nakunywa chai.

"Mzee, Dallas mpaka Doha ni masaa kumi na tano. Doha mpaka Nairobi, matano na nusu. Ongeza ya kungojea, yote ishirini na nne. Alhamisi saa tatu asubuhi yuko Nairobi, saa sita yuko hapa. Zikeni saa tisa."

Akanishukuru sana, akaenda.

Kesho yake, saa sita, akaingia mama mmoja, akaketi mbele yangu. Kitambaa kichwani, sweta ya kijani, miguu mitupu. Nikamuuliza jina, akasema ni Mama Wekesa, wa Kesses.

"Msichana wangu, hesabu tena," akasema. "Hiyo Alhamisi yako, mtoto wangu atakuta udongo."

Kusema kweli nilikasirika. Nani huyu wa kunifundisha kazi? "Mama, nimehesabu vizuri."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Huko bado ni usiku. Amelala kwenye kiti, begi liko mlangoni."

Nikadhani ni mamake mdogo, wameongea kwa simu. Lakini hilo neno usiku likanichoma. Nikatazama dirishani, jua la utosi. Woi! Dallas iko nyuma yetu masaa nane, na mimi sikuyaongeza! Kijana angefika Nairobi Alhamisi saa kumi na moja jioni, mamake ameshafukiwa.

Nikampigia mwenyekiti papo hapo. "Mzee, nisamehe, nilikosea. Sogezeni mpaka Ijumaa. Mama Wekesa yuko hapa, ndiye amenishtua."

Akasema polepole, "Madam, Mama Wekesa ndiye tunamzika."

Nikageuka. Kiti kitupu. Na mlango wangu ukifunguliwa hulia mpaka jirani anasikia, lakini niamini, haukulia.

Walizika Ijumaa, na Wekesa alikuwepo. Wiki iliyofuata akaja ofisini kushukuru, nami nikamweleza yote. Alilia kama mtoto. Akasema usiku ule usingizi ulimchukua kwenye kiti, na alipoamka alikuwa amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Anaishi peke yake.

Bado nauza tiketi, na bado hapa mjini hakuna anayenishinda. Lakini wenye matanga wakiingia, nahesabu mara tatu, kwa karatasi, na jasho linanitoka. Nawe ukiulizwa na waliofiwa mtoto wao atafika lini, usijifanye unajua. Mimi nilirekebishwa kwa upole. Atakayekujia wewe, sijui.