Ramani Tatu za Bahasha

Alipeleka barua miaka thelathini na mmoja, kwanza kwa miguu, kisha kwa baiskeli, na mwishowe kwa miguu tena baiskeli ilipomchoka. Mtaa mzima ulimwita Bahasha, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Alijua kila mlango na mbwa wake. Hakuwahi kupotea, na hilo alilisema mara nyingi kuliko mkewe alivyopenda kulisikia.

Sasa mjukuu wao wa kwanza alikuwa na miezi minne, na walikuwa hawajamwona bado. Binti yao aliishi na mumewe, mlinzi wa msitu, katika nyumba ya mbao iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka basi linapoishia. Njiani simu hazishiki. Mkwe akajitolea kuja kuwapokea.

"Nipokewe stendi kama kifurushi? Mimi?" alisema Bahasha. Kesho yake akanunua kifaa cha GPS cha mkononi, kidogo kama kipande cha sabuni.

Kifaa kilikuja bila ramani ya maana; mtu huchagua yake. Fundi wa simu, dada mcheshi mwenye kibanda karibu na posta, akampakulia tatu ajaribu: moja ya barabara, ya kulipia, moja ya vilima na mabonde, na moja ya bure, iliyochorwa na watu wa kujitolea, kila mmoja akichora alikopita.

"Ukishajaribu uniambie nikuachie ipi, mzee wangu," fundi alisema. "Ukizifungua zote pamoja, kioo kitakuwa kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine."

Bahasha akaanza kazi kwa namna aliyoijua. Alivaa viatu vya posta, akaifuata njia yake ya zamani ya barua, kifaa mkononi, daftari kwapani, akiandika makosa. Ramani ya barabara iliihamisha posta hadi ng'ambo ya pili ya barabara. Ile ya vilima haikukijua kivuko cha miguu nyuma ya kinu. Ile ya bure iliuita uchochoro wa washonaji "njia isiyo na jina", naye akaudhika kama ametukanwa.

"Isiyo na jina! Nimepeleka barua pale maisha yangu yote."

Safari ikaahirishwa wiki moja. Ikaahirishwa tena. Mjukuu, walisikia kwa simu, ameanza kujigeuza mwenyewe kitandani.

Alhamisi, mkewe, aliyekuwa mmoja wa washonaji wa uchochoro huo, aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani.

"Baba Watoto, mchagua jembe si mkulima."

"Nachagua ili tusipotee, Mama Watoto."

"Hizo ramani umezipimia wapi?"

"Hapa mtaani. Nyumba kwa nyumba."

"Na hapa unahitaji ramani?"

"Mimi? Hapa natembea hata nikifumba macho."

Mkewe akavua tepu shingoni, akamzungushia kiunoni, akasoma kwa sauti. "Haya. Gauni la bibi harusi wa kesho kutwa nalikata kwa kipimo hiki. Likimpwaya, aje kwako."

Bahasha akacheka hadi daftari likaanguka. Miaka thelathini na mmoja ya kusoma anwani, na leo anairudisha barua kwa aliyeiandika badala ya kuipeleka inakokwenda!

Wakampigia binti yao. Alikuwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mahali pekee penye mtandao, mtoto mgongoni.

"Mwanangu, mtu akishuka kwenye basi anapita wapi?"

"Geti la msitu, baba, halafu daraja la magogo, halafu kisima. Kisimani mnashika kushoto."

Kwenye ramani ya barabara, huko kulikuwa na kijani kitupu, kama kitambaa ambacho hakijaguswa na mkasi. Ile ya vilima ilikuwa na mlima wote, lakini daraja hakuna. Ile ya bure, ile iliyomtukana, ilikuwa na geti, daraja, kisima, na kijia cha nuktanukta kikiingia kushoto.

"Kuna mtu amepita huku," alisema taratibu. "Amepita kwa miguu."

"Tarishi mwenzio," mkewe akajibu.

Jumamosi wakashuka basi linapoishia, wakatembea kwa ramani ile ya bure. Kisimani miguu ya Bahasha, yenye kiburi cha miaka yote, ilitaka kwenda kulia, kwenye njia pana iliyonyooka. Alitazama kifaa, akamtazama mkewe, akashika kushoto. Nusu saa baadaye waliona moshi, kisha kamba ya nepi zikipepea.

"Mmefika wenyewe!" binti yao alipiga kelele mlangoni.

Nyumba yenyewe haikuwamo kwenye ramani. Bahasha akabonyeza alama, na kifaa kikauliza jina. Aliandika herufi moja moja: Kwa Mjukuu. Kisha akanyoosha mikono kwa mkewe, aliyekuwa amemkumbatia mtoto tangu kizingitini.

"Zamu yangu, Mama Watoto."

"Kifurushi hiki hakitolewi bila sahihi."

Akatia sahihi kwa kidole kiganjani mwa mkewe, kwa mwandiko wake wa posta, na akakabidhiwa.