Aliyenishikia Mtoto Pale Lyulilo

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na wala sikuwa nimeonja pombe.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, kabla ya vita. Nilikuwa nimeolewa Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, kwa watu wa vyungu, na nilikuwa nimetoka kujifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya serikali huko milimani. Mama mkwe wangu alikuwa mwema, ila maneno yake machache. Asubuhi ananiletea uji, ananisalimu, "Ugonile?" Naitikia, "Ndaga, mama." Basi, anaondoka kwenda kufinyanga, maana vyungu ndivyo vilivyotulisha.

Nabaki mimi na mtoto. Niwaeleze vipi? Maziwa yalitoka, lakini furaha haikutoka. Nilimtazama yule mtoto kama mzigo wa mpita njia aliyesema nishikie, narudi sasa hivi. Usingizi ulinikimbia. Wanawake wakija na vigelegele, mimi naonyesha meno tu. Ningemwambia nani?

Siku moja mtoto alilia, akakataa kunyamaza. Nikambeba mgongoni, nikashuka ziwani kwenye mawe makubwa, nikaingia majini mpaka magotini. Nilikwenda kufanya nini? Hata leo sijui. Nilitaka kelele ziishe.

"Wewe! Maji ya hapo baridi, huyo atakukojolea mgongoni!"

Nikageuka. Juu ya jiwe ameketi mwanamke wa rika langu, udongo wa kufinyangia umempanda mpaka kwenye viwiko, anacheka. Sikuwa nimemsikia akija.

"Toka huko, nipe huyo mtoto."

Nikatoka, nikampa. Niaminini, mtoto alinyamaza palepale.

"Unampenda?" akaniuliza.

Tangu nijifungue hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikasema, "Sijui, dada."

Nilidhani atanizaba kofi. Akacheka tena, kicheko cha mtu aliyekutana na mwenzake. "Mimi pia wangu sikumjua. Nikadhani nimelogwa, nikanyamaza na jambo hilo moyoni. Wewe usinyamaze. Kaa hapa, lia."

Nililia, jamani! Nililia mpaka kamasi zikanitiririka, na yeye anamwimbia mtoto wimbo wa kijinga kuhusu chura aliyeolewa na samaki, akalala chini ya kitanda kwa sababu mume anateleza. Nikajikuta nacheka katikati ya kilio. Kisha usingizi ukanichukua pale pale juu ya jiwe la moto.

Nilipoamka, jua lilikuwa linateremka upande wa ziwa. Akanirudishia mtoto, ameshiba usingizi.

"Nenda kamwambie mama mkwe wako kama ulivyoniambia mimi. Usimwogope. Mwambie Tusekile amekutuma."

Akaondoka akipita kwenye mchanga mbichi. Nikatazama nyuma yake. Mchanga ulikuwa laini, hauna hata alama ya unyayo. Nikatazama kaniki niliyombebea mtoto: ina alama za mikono ya udongo, bado mbichi. Nilikimbia mimi!

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote, nikihema. Nilipotaja lile jina, chungu alichokuwa akikilainisha kilimponyoka. Tusekile alikuwa binti yake, ambaye sikuwahi kumsikia akitajwa nyumbani mle. Alijifungua kabla mimi sijaolewa pale, akawa kimya, nao wakasema atazoea. Asubuhi moja wakakuta nguo yake juu ya yale mawe.

Nilingoja aniite mwongo. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa anacheka?"

"Anacheka sana, mama."

Akanikumbatia, na machozi yake yakaniloweka bega, naye huku anacheka.

Kesho yake alihamishia udongo wake mlangoni kwangu. Wafinyanzi wenzake wakamfuata. Huyu anashika mtoto, yule ananipikia ndizi na samaki, mimi nalala. Wakaniuliza maswali, nikajibu, nikagundua kwamba kumbe wengi wao yaliwahi kuwapata. Sikupona mara moja, msidanganyike. Ila asubuhi moja mtoto alipiga chafya, akashtushwa na chafya yake mwenyewe, akanitazama kama mimi ndiye niliyeipiga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huyu ni wangu, nikasema. Wangu kabisa!

Mume wangu aliporudi alikuta mlango umejaa wanawake na vicheko, akauliza nani anaoa. Mtoto tukampa jina la shangazi yake, na leo ana wajukuu.

Yule mwanamke sikumwona tena. Lakini mpaka sasa ufukweni kwetu mwanamke akijifungua, tunachukua udongo wetu tunakwenda kufinyanga mlangoni pake.

Nanyi nawaonya. Mkienda kumwona mzazi, msimshangilie mtoto tu mkaondoka. Mwulizeni mama ana hali gani. Akisema hajambo, ombeni maji ya kunywa, mkae. Kisha mwulizeni tena.