Dereva wa Basi Lililoungua

Madereva wenzake walimwita Mzee Taratibu. Walisema abiria wake hupanda wakiwa vijana wakashuka na mvi. Yeye alichekea puani, akafuta kioo chake na kuingia barabarani. Mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali, ana watoto na pilikapilika zake. Nyumbani kulikuwa na redio, jiko, na kitanda alichokitandika upande mmoja tu.

Kazini ndiko kulikokuwa na watu. Kampuni ilipoleta mabasi ya umeme, wenzake walilalamika kwamba hayana nguvu ya mngurumo, mtu haoni kama anaendesha gari. Mzee Taratibu hakulalamika. Basi la zamani lilimziba masikio kutwa nzima, lakini hili jipya lilikwenda kimya hata akasikia mazungumzo yote nyuma yake. Alijua mtoto wa fundi viatu amefaulu mtihani. Alijua mwalimu mmoja ameachana na mchumba, maana siku hizi alikaa dirisha la kulia na yule bwana dirisha la kushoto. Alimjua muuguzi wa zamu ya asubuhi, aliyependa kiti cha mbele kabisa. Kila akikaa alivua viatu na kusugua vidole, akimlalamikia jirani yake, awe yeyote, kuhusu daktari mmoja mwenye kisirani. Mzee aliwatazama kwenye kioo kikubwa cha juu. Wao walimjua kisogo.

Asubuhi moja msimamizi aliwakusanya madereva uani kabla hawajatoka. Alikuwa mtu wa utani, lakini siku hiyo hakutania.

"Jamani, mtengenezaji anayaita mabasi yote," alisema. "Betri zina kasoro. Huko kwingine zimeshika moto zenyewe, gari limeegeshwa tu. Tunayapeleka kwenye uwanja ule nje ya mji, yakae mbalimbali mpaka yabadilishwe betri. Hakuna kubeba abiria. Kila mtu na basi lake, tupu."

"Na sisi?" aliuliza mmoja.

"Nanyi mtapumzika."

Mzee Taratibu akatoka na basi tupu. Alipopita vituo vyake watu walinyanyua mikono, na yeye akawapita. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Aliona midomo yao ikimsema. Nyuma yake hakuna aliyekohoa. Kulisikika tu mikanda ya kushikilia ikigongana kila alipokata kona.

Alipokaribia mtaa wa maduka alisikia harufu. Mwanzo alidhani inatoka nje, mtu anachoma plastiki. Kisha taa nyekundu ikawaka mbele yake, na kwenye kioo akaona moshi mweupe ukitambaa sakafuni, chini ya viti vya nyuma. Mbele kulikuwa na msongamano, maduka huku na huku, shule baada ya maduka. Kushoto palikuwa na kiwanja kilichorundikwa mchanga wa ujenzi. Akakata usukani kushoto, akapanda ukingo wa barabara kwa kishindo, akaenda hadi nyuma ya marundo. Akavuta breki, akazima, akafungua milango na kuruka. Goti liligonga chini, lakini alisimama na kukimbia.

Mafundi wawili waliokuwa wakichanganya saruji walikuwa wanakuja mbio na ndoo ya maji.

"Rudini," aliwaambia. "Rudini nyuma, huo si moto wa ndoo."

Walimtazama, wakaona uso wake, wakarudi. Hawajafika mbali basi likatoa mlio kama wa bati linalopasuliwa, kisha mlio mwingine, na moto ukatokea madirishani. Zimamoto walifika na kumwaga maji kwa muda mrefu, wakidhani umezimika, nao unaanza upya. Watu walijaa barabarani na simu mkononi wakipiga picha. Kiti cha mbele alikiona kikijikunja, kikadondoka.

Msimamizi alikuja anahema. Alimshika mabega, akamgeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua nguo sokoni.

"Umeumia?"

"Goti tu."

"Mungu mkubwa. Nimpigie nani nyumbani aje kukuchukua?"

"Hakuna haja."

"Mzee, sikuulizi kama kuna haja. Nakuuliza nimpigie nani."

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kama mtu anayejipapasa mifuko kutafuta funguo.

"Hakuna mtu," alisema.

Msimamizi akaangalia viatu vyake. Kisha akaita gari la ofisi, na dereva wake akamzungumzisha Mzee habari za mpira mpaka mlangoni.

Ndani aliketi kitandani na nguo zake zinazonuka moshi. Maneno yalikuwa yamemjaa kifuani: harufu ile, taa, mchanga, ndoo. Akampigia binti yake. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanaoga na kupiga kelele.

"Baba, shikamoo. Uko salama?"

"Marahaba, mwanangu. Niko salama."

"Kazi inaendaje?"

"Mabasi yamepelekwa matengenezo. Napumzika kidogo."

"Afadhali. Umejichosha mno. Wee, acha kumwagia mwenzako maji! Baba, nitakupigia baadaye."

"Haya, mwanangu."

Binti hakupiga baadaye, na Mzee hakumlaumu. Alikuwa amemwambia anapumzika.

Mapumziko yalikuwa marefu. Goti lilipopoa alianza kutembea kwa miguu kwenye njia yake ya basi, kituo hadi kituo, bila shughuli. Siku moja akamkuta muuguzi kituoni, viatu mguuni, akisubiri gari la kukodi ambalo kampuni ilileta kuziba pengo. Moyo ulimruka kama amekutana na ndugu.

"Habari za kazi, dada? Miguu inaendeleaje?"

Muuguzi alimtazama juu mpaka chini. "Salama," alijibu, akauhamishia mkoba wake bega la pili na kusogea karibu na watu wengine. Mzee akapita. Miaka yote hiyo kwenye usukani, na hakuwa amewageukia abiria wake hata mara moja.

Mabasi yakarudi na betri mpya. Alipewa jingine, linalofanana na la kwanza mpaka rangi ya viti. Abiria walipanda wakinusanusa. Muuguzi alikaa kiti cha mbele, akavua viatu, akamwonyesha simu mama aliyekaa naye.

"Ndilo hili, lilivyowaka. Tazama."

"Na dereva?"

"Wanasema aliruka. Wengine wanasema aliungua. Maskini, sijui yuko wapi. Natumaini ana watu wa kumwangalia."

Mzee aliendesha. Kituo cha mwisho, hospitalini, wengine walishuka, na muuguzi akawa anahangaika na kamba za viatu. Mzee akageuka.

"Hakuungua, dada. Ni mimi."

Muuguzi aliinua kichwa. Ilimchukua muda. "Wewe ndiye uliyeniuliza habari za miguu yangu pale kituoni," alisema. "Nikadhani ni mwizi."

"Si kosa lako."

Muuguzi akaziacha kamba. "Hebu niambie. Ilianzaje?"

Alimwambia habari ya harufu, na ya moshi chini ya viti. Alipofika kwenye mchanga muuguzi alitazama saa, akashika kichwa. "Yule daktari atanitafuna mzima. Nyumbani walisemaje?"

"Sijawaambia."

"Hata mmoja?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Muuguzi alisimama mlangoni, mguu mmoja chini, kama anataka kusema jambo zito. Akasema tu, "Kawaambie," akakimbia.

Kesho yake hakupanda, wala siku zilizofuata. Fundi viatu alimwambia jirani yake kwamba muuguzi amehamishiwa zamu nyingine. Wengine waliendelea na mazungumzo yao nyuma ya kisogo chake.

Jumapili alasiri Mzee Taratibu alizima redio, akampigia binti yake.

"Mwanangu, basi langu lilishika moto. Mimi nikiwa ndani."

"Lini?"

"Siku ile watoto walikuwa wanaoga."

"Baba." Sauti ilikatika, ikarudi na hasira. "Unaniambia leo?"

"Ndiyo. Leo."

Alimsikia akiwaambia watoto watoke nje, akasikia mlango ukifungwa.

"Haya," alisema binti. "Anza mwanzo. Usiruke kitu."