Usukani Uliogoma Asubuhi ya Hija

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana hata moja. Nilivuka kutoka Wiyoni, kisiwani Amu, na mashua ya asubuhi, nimevaa shati jeupe, jambo ambalo mama alilisisitiza na ambalo Fundi Mkuu wa karakana ya Mokowe, upande wa bara, alilicheka mpaka akakaa chini. Alinipandisha kwenye Landrova mbovu, akaniambia nishike usukani na nimtajie ninachokiona. Mimi ni mtoto wa kisiwani, nimekulia kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Nilitaja kiti, kioo na mavumbi. Vilivyobaki sikuyajua majina yake.

"Vizuri," akasema. "Afadhali wewe hujui kitu. Wanaojua nusu ndio wanaonivunjia magari."

Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Baadaye nilihamishiwa karakana ya serikali, chini ya Msimamizi wa Magari, bwana mmoja wa bara aliyependa chai kuliko injini. Pale nilijifunza breki na umeme wa gari, na nilijifunza kunyamaza mkubwa anaposema. Kisha nikarudi Mokowe, safari hii chini ya mwingine tuliyemwita Mkuu wa Karakana, au Mkuu tu, mtu wa Kiunga, mpole, mwenye maneno machache kama anayalipia. Nikakaa naye mpaka nilipostaafu juzijuzi.

Nyinyi vijana mnaosoma ufundi kwenye simu mtanisamehe, lakini kuna mambo ya Mokowe hamtayakuta humo. Mokowe ndiko magari ya watu wa visiwani yanakolala. Mtu ana nyumba Amu na gari bara, analiona siku ya safari tu. Gari la hivyo ni kama mke wa mbali, ukimrudia hujui utapokewaje. Tairi limelala, betri imekufa, panya wamezalia kwenye kichujio cha hewa. Nusu ya kazi yetu ilikuwa hiyo.

Na safari zenyewe si kujiondokea tu. Siku hizi magari ya Mombasa huondoka asubuhi kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, kwa sababu ya usalama wa ile barabara ya msituni. Ukiachwa na msafara, unangoja kesho. Kwa hivyo asubuhi zetu zilikuwa za wasiwasi, na sitaisahau moja.

Bi Rukia alikuwa mama mtu mzima wa Mbwajumali, kisiwani Pate, miguu imemwisha nguvu, hawezi kukaa kwenye basi. Watoto wake walikuwa wamechanga miaka na miaka wampeleke hija. Ndege ilikuwa kesho yake, kutoka Mombasa. Mwanawe, Bwana Twaha, aliyekuwa aende naye Makka, aliliweka gari tayari jana yake hapo gatini Mokowe, siti ya nyuma imelazwa, godoro limetandikwa. Watu walipotoka msikitini baada ya swala ya alfajiri wakamkuta mwizi ndani ya gari. Alikimbia, wala hakujulikana ni nani, lakini alikuwa ameshasukuma bisibisi kwenye tundu la ufunguo akaliharibu. Alipouvuta usukani ukajifunga.

Wakati huo wasindikizaji walikuwa wanateremka mashuani. Mtu wa kwetu akienda hija hasindikizwi na watu watatu. Ulikuja ukoo mzima, wajukuu, majirani, mwalimu wa chuo cha Kurani, wengine wakisoma kasida. Waliposikia usukani umegoma, kila mwanamume mwenye mkono akaona ni zamu yake. Hawa ni watu wa mashua. Shikio la mashua, lile la kuiongozea, likigoma, unaliwekea nguvu na linatii. Basi wakaingia mmoja mmoja, mwingine ameweka mguu kwenye mlango, wanauvuta usukani kama wanang'oa mwamba. Mmoja, Mungu amsamehe, akamimina mafuta ya nazi kwenye tundu la ufunguo, na mchanga wa gatini ukaingia nayo.

Tulipoitwa tukafika, mimi na Mkuu, nilikasirika nikataka kurudi. Mkuu akaniambia, "Watoe watu kwanza. Gari baadaye."

Niwaeleze kilichomo. Ndani ya mhimili wa usukani mna kipini cha chuma chenye springi. Ukitoa ufunguo na kuuzungusha usukani, kipini kinaruka kwenye pengo lake na usukani hauendi kokote. Ukiuvuta kwa nguvu, unakikandamiza kipini kizidi kung'ang'ania. Dawa yake ni kuulegeza, kushoto kidogo, kulia kidogo, kwa mikono miwili, huku mwenzako anageuza penye ufunguo taratibu. Nikatikisa, Mkuu akageuza kwa bisibisi nyembamba, kipini kikatoka pengoni. Usukani ukazunguka.

Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Twaha akaruka kwenye kiti cha dereva.

"Shuka," Mkuu akamwambia.

"Nishuke? Huoni mabasi yanawashwa?"

"Tundu limevunjika. Hakuna kitu kinachokizuia kile kipini kisirudi pengoni gari likienda. Naitoa loki nzima, kipini na vyote."

Hapo Bwana Twaha akapandisha mori. Akatuambia sisi tunataka kujionyesha, tumekwishafungua na bado tunatafuta kazi. Akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, kwamba mama yake akikosa kusimama Arafa nitamjibu Mungu. Niliumia. Nami nilikuwa na mama.

Bi Rukia alikuwa ameketi kitini kivulini, mkoba wa hija shingoni. Akaniita. "Mwanangu, kile kipini kikirudi ndiani, huwaje?"

"Kikirudi njiani, gari halitapinda, Bi. Dereva atazungusha na usukani hautamsikia."

Akamtazama mwanawe. "Kitoeni. Nimengoja hija tangu baba yenu yu hai. Mwenye kungoja ni mimi, Twaha, si wewe."

Mkuu akaenda kwa afisa wa msafara. Sijui walisemezana nini, lakini alirudi akasema tunao muda mpaka basi la mwisho limalize kupakia magunia. Nikalala chini ya dashibodi. Loki ile hushikwa na bolti mbili zisizo na kichwa, zimetengenezwa makusudi zisifunguliwe. Unaweka ncha ya tindo pembeni na kugonga kwa nyundo ndogo, polepole, mpaka bolti ianze kuzunguka. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikuwa na kutu ya chumvi. Nilisikia honi za mabasi, nikasikia mtu analia, na jasho liliniingia machoni. Nikaendelea kugonga tu.

Ilipotoka, Mkuu alichomoa swichi ya umeme nyuma ya loki na kumpa Bwana Twaha bisibisi ya kuigeuzia. Huo ndio ukawa ufunguo. Wakamlaza mama godoroni, na gari likashika mkia wa msafara kabla polisi wa nyuma hawajaondoka. Bwana Twaha hakuniaga, nami sikumtaka aniage.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mahujaji wamesharudi, nilikuwa nagawa vifaa. Spana hii kwa fulani, nyundo ile kwa fulani. Nilidhani nitafurahi kupumzika, kumbe kila kifaa kilinipa huzuni yake. Naikumbuka harufu ya grisi asubuhi, na Mkuu anavyokung'uta makubadhi mlangoni kabla ya kuingia. Ningerudishiwa siku moja tu ya zamani zile, ningeichukua na kelele zake zote.

Basi nikiwa hapo, Bwana Twaha akaingia, peke yake. Alikuwa amekonda.

"Mama tumemwacha Makka," akasema. "Alimaliza hija yake yote, akalala, hakuamka."

Nikamwambia Mungu amrehemu. Hakuondoka.

"Kule Arafa mama aliinua mikono akatuombea sisi wanawe, kila mtu kwa jina lake. Halafu akasema, na yule fundi. Akanigeukia akaniuliza, yule fundi jina lake nani? Sikuwa nalo. Nilikutukana mbele za watu na sikukuuliza hata jina. Ikabidi akuombee hivyo hivyo, fundi."

Kisha akaniuliza, "Jina lako nani?"

Nikamwambia. Nikamtajia na la mama yangu, kama mtu anavyotajwa kwenye dua. Alipotoka nilikaa kwenye gurudumu la akiba nikalia sana. Mafundi wenzangu walidhani nalilia kazi, wakaja kunipigapiga begani, nami nikawaacha wadhani hivyo.