Vidole Viwili vya Akiba

Kibao kilichokuwa juu ya mlango wa mdogo wake kiliandikwa ZUZU FUNDI WA NGUO, na kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Mkuu alipita mbele yake bila kukitazama. Alikuwa na njia yake ya kupita: anahamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile, anajifanya anatafuta kitu ndani, mpaka ukuta uishe. Wachache waliojua undugu wao walidhani anaona haya kuwa na ndugu fundi wa mtaani. Hilo nalo lilikuwapo, tusifichane. Lakini lililomchoma zaidi ni kwamba jina lile alilitoa yeye.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake saba. Walikuwa wakicheza shule kwenye kibaraza cha nyuma, mlango wa jikoni ndio ubao na kipande cha mkaa ndiyo chaki. Mwalimu alikuwa yeye, maana hakuna mtoto mwingine aliyethubutu kuutaka uwalimu mbele yake. Watoto wa jirani walisoma silabi mmojammoja, wakapigiwa makofi. Mdogo wake alipoitwa mbele alizikazia macho herufi muda mrefu, kisha akasema kwamba ile ya pili imeegemea upande kama mama akibeba ndoo. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. "Zuzu wewe," akasema yule mwalimu wa miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa watoto walizidi kucheka, akalirudia.

Jina likanata. Lilimfuata mtoto shuleni, mwalimu wa kweli akalidaka, na ukoo mzima ukalizoea. Mama yao alilikataa karibu mwaka mzima, kisha siku moja akiwa na haraka likamponyoka: Zuzu, niletee maji. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumtetea. Alipofika darasa la nne mtoto aliacha shule, akaenda kukaa chini ya meza ya fundi mmoja akiokota pini kwa sumaku. Miaka ilipopita akafungua chumba chake mwenyewe. Mwandika vibao alimuuliza aandike nini, naye akajibu bila uchungu wowote: andika jina ninalojulikana.

Dada mtu alisoma akaelimika. Alipanda cheo kimoja baada ya kingine mpaka akakalia kiti cha mwalimu mkuu, mwanamke mwenye mwandiko ulionyooka na sauti ya kunyamazisha ua zima. Mwaka jana alipelekwa semina ya siku tatu. Huko mkufunzi aliwaeleza kwamba akili ya binadamu haina sura moja: kuna ya maneno na ya hesabu, kuna ya muziki, kuna iliyo mikononi, kuna ya jicho, kuna hata ya kumsoma mtu moyo. Yeye aliyaandika yote kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Aliporudi alichora bango kubwa, AKILI ZINA SURA NYINGI, akalibandika ukutani nyuma ya kiti chake, na akawahutubia walimu wake mpaka chai ikapoa. Bango alilitia gundi ya kutosha. Kichwani kwake ndiko lilikoshindwa kushika.

Maana sare za shule yake zilikuwa zikishonwa na Zuzu, na namna Zuzu alivyofanya kazi ilikuwa ikimtia kichefuchefu. Hakutumia futi. Mtoto akija kupimwa, Zuzu alimwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, achukue kigoda, akirudishe, aokote uzi ulioanguka. Huku akimwuliza habari za nyumbani. Mtoto akishajisahau, ndipo Zuzu alipochukua kipande cha kamba na kukifunga mafundo: hapa bega, hapa kifua, hapa kiuno, hapa goti. Kila mtoto kamba yake, kila kamba msumari wake ukutani, na hakuna hata moja yenye jina. Ukimwuliza hii ya nani, alikuambia papo hapo, na akakuongezea kwamba mwenyewe amepungua tangu mwezi uliopita, kuna jambo nyumbani kwao.

Siku moja Mwalimu Mkuu alifika pale na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, mtu wa kupenda mambo yaende kitaalamu. Zamu hii kulikuwa na sare sitini za darasa la kwanza, za kuvaliwa Jumamosi ya siku ya wazazi. Mwalimu Mkuu alimtambulisha mdogo wake kama alivyozoea: "Huyu ndiye fundi wetu." Mwenyekiti akazitazama zile kamba ukuta mzima, akauliza ni za nini. Zuzu alipoanza kueleza, dada yake alimkata kauli. Mbele ya mgeni alisema watu wakiziona watadhani hapa ni kwa mganga, na kwamba safari hii vipimo vitachukuliwa shuleni, kwa futi, na kuandikwa kwenye karatasi kama inavyofanyika duniani. Mwenyekiti alicheka. Zuzu naye alicheka kidogo, kwa heshima.

Basi watoto sitini wakapangwa ukumbini, na Mwalimu Mkuu akawapima kwa mkono wake mwenyewe. Alipiga mistari kwa rula, akajaza safu baada ya safu, pasipo kufuta hata sehemu moja. Alijivunia karatasi ile.

Kesho yake Zuzu alimjia ofisini nayo mkononi. Kusoma maneno kulimchukua muda, lakini namba alizijua vizuri. Alisimama chini ya bango, viatu kavivulia mlangoni japo hakuna aliyemwambia avue.

"Dada," alisema, "hawa watoto walikuwa wamebana pumzi."

Mwalimu Mkuu hakuelewa. Zuzu akafafanua polepole: wote sitini vifua vipana, matumbo hakuna, mabega yamevutwa nyuma. Hakuna darasa la namna hiyo. Wamepimwa na mwalimu mkuu, wakasimama kama wako gwaride. Wakishavaa wataachia pumzi, na nguo hazitafunga.

"Namba haziogopi mtu," dada yake akamjibu. "Kata kama ilivyoandikwa."

Zuzu alimtazama kidogo, akaikunja karatasi mara nne, akasema haya dada, akavaa viatu vyake.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa, watoto wa darasa la kwanza wakapandishwa jukwaani kuimba. Kwa dakika mbili walisimama wima na mambo yalipendeza. Kisha wimbo ulitaka pumzi. Kifungo cha kwanza kilimruka msichana wa mstari wa mbele kikamgonga mwenyekiti kwenye miwani. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Watoto walijishika matumbo, mmoja akaangua kilio, na wazazi ambao mwanzoni walicheka wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti alisimama akauliza, kwa sauti ya mtu aliyegongwa miwani, ni nani anayehusika na aibu hii.

Mwalimu Mkuu alilijua jibu. Lilikuwa fupi, lingemaliza kazi. Lakini macho ya wazazi mia mbili yalikuwa usoni kwake, na alipofumbua mdomo likatoka jingine.

"Fundi alikosea vipimo."

Zuzu alikuwa kwenye benchi la nyuma, mfuko wa pini mapajani. Vichwa vikamgeukia. Mama mmoja akasema kwani mlitarajia nini, jina lenyewe si linajieleza, na ukumbi ukacheka kicheko kilekile cha kibarazani. Mwenyekiti akatangaza kwamba fundi apewe wiki moja azirekebishe, na baada ya hapo kamati itafute mtu mwingine. Maana yake Zuzu amemwaga unga, kwa kuwa sare za shule ndizo zilizokiweka wazi chumba chake mwaka mzima. Zuzu aliinuka, akaenda jukwaani, akawabana watoto mgongoni kwa pini mmojammoja ili wapate kuimba.

Mwalimu Mkuu hakula mchana ule. Alijiambia maneno mengi ya kujitetea na hakuna hata moja lililomkaa. Alikuwa na miaka hamsini na sita na alikuwa amefanya jambo ambalo angemwadhibu mtoto wa miaka sita kwa kulifanya. Jua lilipoanza kushuka alipiga moyo konde akaenda kwa mdogo wake, na safari hii alikitazama kibao, kwa sababu hakujiona ana haki ya kukikwepa.

Zuzu alikuwa akifumua mishono. Sare zilikuwa zimelundikana mezani, na juu ya kila moja kulikuwa na kamba yenye mafundo. Hakuwa amezitupa. Ilibainika kwamba kila mtoto aliyepita pale mtaani akitoka shule alikuwa ameokoteshwa uzi na kutumwa kigoda, na kamba zao sitini zilikuwa tayari hata kabla ya ile karatasi.

Mwalimu Mkuu alianza hotuba yake ya kuomba radhi, lakini jicho lake lilianguka kwenye nguo iliyofumuliwa, naye akaichukua. Kwa ndani, pembeni mwa mshono, kulikuwa na kitambaa kilichoachwa. Hata mtu asiye fundi anajua kwamba mshono huachiwa nusu ya upana wa kidole. Hapa palikuwa na vidole viwili, huku na huku. Akachukua ya pili, ya tatu. Zote sitini ziliachiwa vivyo hivyo, na Zuzu alikuwa amepangilia ukataji wake kwa namna ambayo kitambaa hakikupungua hata kipande.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua zitarudi. Ndiyo maana nikaacha akiba." Zuzu aling'ata uzi. "Kaa, dada, umesimama kama umekuja kunikagua."

Alikaa juu ya kigoda. Akamwuliza kwa nini hakusema pale ukumbini, neno moja tu, karatasi ile si alikuwa nayo?

Zuzu alijibu akipitisha nyuzi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia.

"Wewe dada tangu utoto ukiogopa unasingizia. Ulivunja kikombe cha mama ukasema paka, na paka hatukuwa naye. Nikakaa nikafikiri, siku ya wazazi watu watajaa, zikifunguka ataogopa. Akiogopa atanitaja mimi. Hilo nalo nililipima."

Mwalimu Mkuu alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka thelathini na tatu alikuwa akipima akili za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, na mdogo wake alikuwa amempima yeye pasipo hata kuinua futi, akapata jibu sahihi mpaka nukta. Kilichomuuma zaidi ni kwamba baada ya kulipata jibu alikata kitambaa kwa namna ya kumwokoa aliyemjeruhi. Alilia. Zuzu alimsukumia kipande cha kitambaa cha kufutia macho na kumwonya asiangushie machozi kwenye kola, yanaacha alama.

Wiki ikaisha. Jumamosi nyingine wazazi walikusanyika tena, pungufu kidogo, na watoto wakapanda jukwaani. Sare ziliwakaa kama zimeota mwilini. Yule msichana wa mbele aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na hakuna kifungo kilichotikisika. Mwenyekiti, miwani imepata kioo kipya, alisimama akampongeza Mwalimu Mkuu kwa moyo mkunjufu kwa jinsi alivyomsimamia yule fundi na kumnyoosha kwa wiki moja tu. Ukumbi ukapiga makofi. Kilikuwa kilemba cha ukoka hasa, na aliyekivikwa alikihisi kikimwasha kichwani.

Zuzu alikuwa ukutani, karibu na mlango, ameinama akichomoa pini zilizobaki kwenye pindo la mtoto mmoja.

Mwalimu Mkuu alisogea mbele. Alisema vipimo vibaya vilikuwa vyake, vimeandikwa kwa mkono wake. Alisema fundi alimwonya, ofisini, chini ya bango, naye akamfukuza kwa maneno. Alisema Jumamosi iliyopita alidanganya mbele yao wote, na mwenye kustahili kutafutiwa mbadala ni yeye, kamati iamue. Kisha akasema lile ambalo hakuwahi kulisema kwenye shule ile hata siku moja, kwamba yule fundi ni mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Mwenyekiti alikuwa amevua miwani.

Akamwita aje mbele. Alimwita kwa jina lake, lile mama yao alilomchagulia, akalitamka vizuri, herufi zote.

Watu wakatazamana, wakageuka huku na huku kutafuta ni nani anayeitwa. Pale ukutani Zuzu aliendelea kuchomoa pini, ameinama, uso mtulivu wa mtu asiyehusika. Mwalimu Mkuu akaliita mara ya pili, kwa sauti zaidi, sauti ile ya kunyamazisha ua zima. Mdogo wake aliinua kichwa kidogo, akatazama mlangoni, aone kama kuna mtu anaingia, akarudi kwenye pindo lake.

Basi ikambidi, mbele ya wote, aliite lile jingine. Alilisema taratibu, na papo hapo mdogo wake akageuka, akatabasamu, akasema, "Abee, dada."