Maneno Ni Hayo, Neno Si Hilo

Siku mzungu alipowatia moyo vijana wetu, nusura nimzike mdogo wangu.

Sikilizeni vizuri. Sikusema aliwatukana. Sikusema aliwatisha. Aliwatia moyo, kwa Kiingereza, huku anatabasamu, kidole gumba kiko juu.

Naitwa Émilienne. Siye ni watu wa Djugu, wakulima wa maharagwe, mpaka vita ya Ituri ikatufukuza na masufuria kichwani. Tukaangukia Bunia, mtaa unaoitwa kartie Lumumba, chumba kimoja na mama. Mdogo wangu Guelord hakuja nasi. Yeye alibaki milimani na bunduki, chini ya kamanda mmoja anaitwa Xavier.

Kiingereza nilikiokota Uganda, tulikokimbilia mara ya kwanza. Basi kofia za buluu, askari wa Umoja wa Mataifa, walipotafuta mkalimani, nikajipeleka. Njaa haina aibu.

Wakanipa Meja mmoja mrefu, mwekundu kwa jua. Mtu mwema, lakini jamani, alikuwa na ugonjwa wake. Hawezi kumpita mtu bila kumtia moyo.

Mpishi ameunguza wali? "Keep it up!" Yaani endelea hivyo hivyo. Na kweli akaendelea, tukala moshi wiki nzima.

Mlinzi wa geti analalamika usingizi? "Hang in there!"

Mlinzi akaniuliza amesema nini. Nikamjibu, "Anasema uvumilie."

Mlinzi akashika shingo. "Apana, Madame. Hang ninaijua. Ni kunyonga mutu." Tangu siku hiyo, kila akimwona Meja, mlinzi anazungukia nyuma ya jiko.

Nilicheka sana. Ningejua yanayokuja, nisingecheka.

Ikaja kampeni ya kurudisha silaha. Vijana wa milimani waliambiwa washuke, waweke bunduki chini, wafundishwe useremala na ufundi wa magari. Xavier akakubali. Alikubali kwa mdomo tu, maana macho yake hayakutulia hata kidogo.

Tulikutana nje ya mji, kwenye uwanja wa ghala la zamani la kahawa. Turubai lilitandikwa chini la kupokea bunduki. Huku vijana wamepanga mstari, kule kofia za buluu wamekaa nyuma ya magunia ya mchanga. Mimi na Meja katikati.

Nikamwona Guelord. Zaidi ya mwaka sikuwa nimemtia machoni. Amekonda, amefuga vindevu vya kubahatisha. Nyuma yake alisimama Aimé, rafiki yake tangu wanachunga mbuzi, mtoto wa kiume wa pekee wa jirani yetu Mama Tina.

Sikuweza kutulia. Miguu inataka kukimbia, mikono haina pa kwenda. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba jioni ile Guelord atakula nyumbani.

Vijana wa kwanza wakaweka bunduki. Tak. Tak.

Ikafika zamu ya Guelord. Akasimama, akalikodolea turubai macho. Nyuma yake minong'ono ikaanza: tukiacha hizi, wale wa upande mwingine watatuchinja njiani. Mstari ukayumba.

Hapo Meja akaona watu wanahitaji dawa yake. Akasogea mbele na lile tabasamu.

"You've made the right decision, boys. Stick to your guns!"

Mungu wangu!

Kwanza aliwasifu kwamba wameamua vyema. Na hiyo stick to your guns, wenye Kiingereza wakiisema, maana yake usiyumbe, simamia ulichoamua. Na hawa walikuwa wameamua kuacha vita. Kwa hiyo Meja alikuwa anawaambia washikilie amani. Lakini katika maneno yote ya dunia, amekwenda kuchagua lenye bunduki ndani!

Sijafungua mdomo, Xavier akaruka. "Mumesikia? Guns! Nani hapa hajue guns ni bunduki? Muzungu mwenyewe anasema mushikilie bunduki zenu!"

Waliokwisha kuweka wakainama, wakachukua tena. Ka-chak. Nyuma ya magunia, kofia za buluu nao wakainua zao.

Na Meja? Meja alifikiri dawa imekubali! Akainua kidole gumba. "That's it! Stick to your guns!"

Nilitamani nimzibe mdomo na kitambaa changu cha kichwa.

"Yaya," Guelord akaniita. Sauti ilikuwa nzito, ya mwanaume, lakini vile alivyotamka hiyo Yaya, yaani dada mkubwa, nikajua bado ni wangu. "Usinidanganye. Guns ni nini?"

"Ni bunduki."

"Na ile stick?"

"Ni kung'ang'ania."

"Basi Xavier iko na haki."

"Maneno ni hayo, Guelord, lakini neno si hilo!"

Xavier akacheka. "Mumusikilize dada wa wazungu! Anakula sardini zao, leo anatuuza."

Guelord akarudi nyuma hatua moja. Kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio. Nikaona wazi itakavyokuwa: risasi moja ya bahati mbaya, halafu zote. Na ya kwanza ingempata yeye, maana alikuwa mbele kabisa.

Hasira ikanipanda. Si woga, hasira! Nikamwendea mpaka mtutu ukawa karibu na kifua changu.

"Weye! Siku tulimuzika papa, mama alikuambia nini?"

Akatazama turubai.

"Ninakuuliza!"

"Alisema... nikaze roho."

"Na ulienda kutafuta kamba, ufunge kifua? Ulikaza roho na spana?"

Mtu mmoja kwenye mstari akaguna.

"Na miye nilikuambia usivunjike moyo. Moyo ni chungu? Ulipita ukiokota vipande? Siye tunakaza roho bila kamba, na wao kwao wanashika bunduki bila bunduki! Anasema musimamie ile mumeamua. Na mumeamua kurudia bamama zenu!"

Kicheko kikatoka mahali. Kicheko kibaya, cha woga, lakini kicheko. Kikapata mwenzake. Mikono ikaanza kulegea kwenye vyuma.

Guelord hakucheka. Alilia. Akaiweka bunduki kwenye turubai taratibu, akaja akasimama nyuma yangu, kamasi zinamtoka kama mtoto.

Wengine wakamfuata. Si wote. Xavier akapiga mluzi, na waliomwamini yeye wakageuza, wakapanda naye mlima, bunduki begani. Aimé alikuwa kati yao. Alimtazama Guelord mara moja tu, kisha akaenda. Hakuna aliyemwona tena mpaka leo.

Meja akaniuliza kumetokea nini. Nilipomweleza, wekundu wote ulimtoka usoni.

"Bwana Meja," nikamwambia, "siku nyingine sema asante tu."

Miaka yote nimekuwa nikiisimulia siku ile kama ajali ya lugha. Mama Tina hachoki kuniuliza, "Émi, ile siku muzungu alisema nini hasa?" Na mimi namjibu, mama, hakukuwa na mubaya pale, ni Kiingereza tu kilitushinda, hata Xavier hakuelewa. Kuna wakati nilimwonea Xavier huruma.

Mwezi uliopita nikaingia duka moja la vipuri vya pikipiki hapa Bunia. Guelord sasa ni baba wa watoto, anabeba abiria kwa pikipiki, na cheni yake ilikuwa imekatika. Mwenye duka alinipa mgongo, anaongea kwenye simu na mtu wa Kampala. Kiingereza laini, cha mtangazaji wa redio.

"Don't lose heart, my brother. Keep your chin up."

La kwanza ni usivunjike moyo. Ukilivunja neno moja moja, hilo la mwisho ni weka kidevu juu. Lakini hapo hakuna kidevu, ni kumwambia mtu ajipe moyo. Huwezi kulitupia mahali pake vile, bila kufikiri, kama Kiingereza hakijakukolea tangu shule.

Akageuka. Xavier.

Nikamsogelea.

"Ulisoma wapi?" nikamuuliza.

"Kampala. Mbele ya vita kuanza."

"Kumbe siku ile ulielewa."

Hakujifanya. Akaweka simu mfukoni. "Nilielewa kukupita weye, Madame. Bila wale vijana, miye nilikuwa nani?"

"Na Aimé?"

Akachukua cheni kwenye rafu, akaisogeza mbele yangu. "Kamata hii. Usilipe."

Nikaiacha palepale, nikatoka.

Ndugu zangu, asiyeelewa anafundishika, hata mbele ya mtutu wa bunduki. Lakini aliyeelewa akapindisha, huyo hakuna mkalimani atakayemnyoosha. Mtu akikutafsiria jambo kwa haraka na kwa kelele, jiulize kwanza yeye anapata nini ukiamini.

Kesho asubuhi naenda kwa Mama Tina kumwambia kwamba mtoto wake hakupotezwa na Kiingereza. Guelord anasema tutaenda wawili. Tangu juzi nilipoamua, sili, silali, nazunguka tu ndani ya nyumba.

Anayetaka kunitia moyo hapo chini kwenye maoni, aniandikie maneno mepesi. Leo sina nguvu ya kutafsiri.